Jipu linalorudi juu ya kifandugu: nikatwe vipi?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, ni dereva wa lori, safari zangu ni Dar hadi Lubumbashi. Huu mwaka wa pili napata jipu juu kidogo ya pale makalio yanapogawanyika. Limetumbuliwa mara tatu, mara moja nikiwa safarini. Linakauka, baada ya miezi linarudi. Sasa nina vitundu viwili katikati na kimoja pembeni kushoto kinachotoa majimaji yenye harufu, nguo zinachafuka. Vidonge vya rangi mbili nimemeza hadi nimechoka. Hospitali ya wilaya wanasema wataondoa nyama yote na kuacha kidonda wazi, nisafishwe miezi miwili mpaka mitatu. Hospitali binafsi wanasema watakata na kushona, wiki mbili nimerudi kazini. Rafiki yangu aliambiwa kuna upasuaji wa kuhamisha nyama ya kalio. Mama anaogopa nitapooza kwa kuwa ni karibu na uti wa mgongo. Wengine wanasema ni bawasiri. Mimi naoga kila siku, sijui nimekosea wapi. Nichague ipi, na je, nikikatwa hautarudi?"

Marahaba, kijana wangu. Umejieleza vizuri kuliko wengi, maana sehemu yenyewe inatia aibu na mtu huishia kusema tu ana jipu huku nyuma. Hivyo vitundu ulivyovitaja ndivyo vilivyonipa picha. Hata hivyo, haya ninayokuandikia lazima yathibitishwe na daktari atakayekulaza kifudifudi na kukuangalia kwa macho yake.

Bawasiri tuiweke pembeni. Hiyo ni mishipa ya damu iliyovimba ndani au ukingoni mwa njia ya haja kubwa, na vitundu vyako viko juu zaidi, karibu na kifandugu. Vitundu vilivyojipanga katikati kabisa ya mfereji wa makalio, na kingine pembeni kinachotoa usaha, ndiyo sura ya ugonjwa ambao hospitalini huitwa pilonidali sainasi. Ni njia iliyojichimba chini ya ngozi, na mara nyingi ndani yake kuna nywele. Huwapata zaidi vijana wa kiume, tangu kubalehe hadi miaka ya thelathini na kitu. Baada ya 40 si kawaida kuanza. Huku kwetu hauonekani sana kama unavyoonekana Uturuki au Ugiriki, na nadhani ndiyo maana vituo vingi huutibu kama jipu lolote: tumbua, funga bandeji, nenda nyumbani.

Kilichotokea kwako ni hiki. Nywele hudondoka kila siku, za kichwani, za mgongoni, za makalioni kwenyewe. Hushuka ndani ya nguo na kukusanyika kwenye mfereji ule, ambako kuna joto, jasho na msuguano. Ukikaa, ngozi ya pale huvutwa huku na huku, na vinyweleo vyake hutanuka. Kinyweleo kilichotanuka hugeuka kitundu, na unywele uliolegea huingia humo. Juu ya unywele kuna magamba madogo sana yaliyolala upande mmoja, hivyo hufanya kama mbegu ya kishona nguo: kila mtikisiko huusukuma mbele, na kurudi nyuma hauwezi. Ukishazama chini ya ngozi, mwili huuona ni kitu kigeni na kuushambulia. Usaha hujikusanya, na usipopata pa kutokea huchimba hadi pembeni. Kitundu chako cha kushoto ni pa kutokea tu. Vile viwili vya katikati, vidogo na visivyouma, ndimo nywele zinamoingilia, na ndivyo vinavyosahaulika kila unapotumbuliwa.

Kwa hiyo hujakosea popote kwenye usafi. Mtu anaweza kuoga mara tatu kwa siku na bado akaupata, hasa akiwa na mfereji wenye kina, nywele nyingi au ngumu, na kazi ya kukaa. Hauambukizi, wala hauna uhusiano na mambo ya unyumba.

Kwa miaka mingi hata sisi madaktari tuliamini kwamba mtu huzaliwa nao, na imani hiyo iliwaumiza wengi, kwa sababu wapasuaji walikuwa wakikata nyama hadi karibu na mfupa wakitafuta mabaki ya tangu tumboni mwa mama. Kisha miaka ya 1940 Waingereza wawili, mpasuaji Patey na mtaalamu wa patholojia Scarff, wakaeleza habari za kinyozi aliyekuwa na ugonjwa huuhuu mkononi, katikati ya vidole, na nywele zilizokuwa ndani zilikuwa za wateja. Hakuna anayezaliwa na nywele za mteja mkononi. Na wewe dereva utavutiwa na hili: wakati wa Vita Kuu ya Pili karibu askari 80,000 wa Marekani walilazwa kwa ugonjwa huu, hata ukaitwa ugonjwa wa jeep, kwa kuwa ulihusishwa na kukaa muda mrefu kwenye magari yanayoruka mabondeni. Si wote walikuwa madereva, lakini kiti kinachotikisika kwa saa nyingi hakikusaidii.

Sasa vidonge. Antibayotiki inapambana na wadudu, haiwezi kutoa unywele wala kuziba njia iliyokwisha kujichimba. Ndiyo maana unapata nafuu, halafu unarudi ulikokuwa. Inahitajika pale wekundu na joto linaposambaa kwenye ngozi, mgonjwa anapokuwa na homa, au mwenye kisukari. Kumeza kila linapouma ni kuwafundisha wadudu kuizoea dawa. Na ile tabia ya kufungua kidonge na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama nawe umewahi kuifanya, acha. Unga huganda, unaziba mdomo wa njia, na usaha unabaki ndani.

Kutumbua lenyewe halikuwa kosa. Jipu lililoiva lazima litumbuliwe, na wapo wanaopona moja kwa moja baada ya mara ya kwanza, hasa kidonda kikichanwa pembeni kidogo badala ya katikati na nywele zikatolewa. Wewe umefika mara tatu, una vitundu vitatu, na unatoa majimaji hata pasipo jipu. Hapo nakubaliana na madaktari wote waliokuona: upasuaji wa kuondoa chanzo unahitajika.

Mweleze mama hivi. Uti wa mgongo wenyewe, yaani ule ugwe wa neva, kwa mtu mzima huishia kiunoni, karibu na pingili ya kwanza au ya pili, mbali juu ya pale unapoumwa. Sisi tunakata ngozi na mafuta, na kituo chetu cha mwisho ni utando unaofunika mfupa. Hatuingii kwenye mfupa wala kwenye neva za miguu au za nguvu za kiume. Sindano ya ganzi ya mgongoni, wakikupa, huchomwa chini ya pale ugwe ulipoishia. Miguu hufa ganzi kwa saa chache, kisha unatembea. Utakachoweza kupoteza kwa muda mrefu ni hisia kwenye kipande cha ngozi kuzunguka kovu, na wengi huzoea.

Tuje kwenye kuchagua. Watu huuliza kidonda kitakuwa kikubwa kiasi gani. Mimi ningependa uulize kwanza kovu litakaa wapi. Ugonjwa huu unaletwa na ule mfereji. Kovu likibaki kwenye kina cha mfereji, linabaki pale pale penye jasho, mvutano na nywele, na ngozi ya kovu ni dhaifu kuliko ngozi uliyozaliwa nayo. Likihamishwa pembeni, na mfereji ukapunguzwa kina, nywele hukosa pa kuzamia.

Ndiyo sababu ahadi ya wiki mbili hainifurahishi. Kukata kipande na kushona kwenye mstari wa katikati ni upasuaji mwepesi kwa daktari, na siku za mwanzo unapendeza. Lakini nyuzi huvutwa kila unapokaa, kidonda hufumuka au hukusanya majimaji, na hata kikipona, ugonjwa hurudi mara nyingi mno, wakati mwingine baada ya miaka. Mwaka 2010 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, walijumlisha majaribio yaliyokuwepo wakahitimisha kwamba mpasuaji akiamua kushona, kushona nje ya mstari wa katikati ndiko kuwe utaratibu wa kawaida. Huenda hiyo hospitali binafsi wanamaanisha hivyo hivyo. Waulize. Wakikujibu kwamba mshono utapita katikati, washukuru, uondoke.

Kuacha kidonda wazi ni njia ya zamani na ya heshima. Hakuna mshono wa kufumuka, usaha haufungiwi ndani, na uwezekano wa kurudi ni mdogo kuliko kwa kushona katikati. Bei yake ni muda: wiki sita hadi kumi na mbili kwa kawaida, na wengine miezi zaidi, kidonda kikisafishwa na kubadilishwa bandeji mara kwa mara. Kwa mwanafunzi anayeishi jirani na kituo cha afya inavumilika. Kwako wewe najiuliza nani atakusafisha ukiwa umekwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Kidonda cha namna hiyo kisipoangaliwa, nywele huota pembezoni na kuangukia ndani, ngozi ya juu hufunga kabla ya chini, na unaanza upya. Kuna namna ya kukipunguza: badala ya kuchimba nyama yote, mpasuaji hupasua paa la ile njia, akakwangua nywele na uchafu, akaacha sakafu yake ilivyo, wengine hushona kingo za ngozi kwenye sakafu hiyo ili eneo la kupona liwe dogo. Kama hospitali ya wilaya ndipo pekee unapoweza kufika, waombe hiyo. Kuondoa nyama nyingi hakumfanyi mtu apone zaidi.

Njia ya tatu, ile ya rafiki yako, kwa kweli ni kundi la upasuaji kadhaa. Karydakis, mpasuaji wa jeshi la Ugiriki, alikata kipande chenye umbo la yai kilichoegemea upande mmoja, akalegeza ngozi ya upande wa pili na kuivuta hadi mshono wote ukaangukia nje ya mfereji. Katika ripoti yake ya 1992 yenye wagonjwa zaidi ya 6,000, waliorudiwa walikuwa takriban mmoja kati ya mia. Usichukue takwimu hiyo kama ahadi, kwa sababu yule alifanya upasuaji huo maisha yake yote. Mikononi mwa wengine wanaorudiwa ni wachache bado, ila wanazidi hapo. Mmarekani Bascom alikuja na upasuaji wa kuinua mfereji: anaondoa ngozi mbovu tu, anaacha mafuta mahali pake, na kuusawazisha mfereji uwe wa kina kifupi. Huo naupenda hasa kwa waliokwisha kukatwa wakashindwa. Na upo wa Limberg, ambao bila shaka ndio rafiki yako alioelezwa: unakatwa umbo la msambamba, kisha kipande cha ngozi na mafuta kutoka kalio la upande mmoja, tunachokiita flapu, kinazungushwa kujaza pengo. Si nyama iliyotolewa kabisa na kupandikizwa. Inabaki imeungana na mwili na kupata damu yake. Kovu lake ni kubwa, linaonekana, na kona ya chini iliyo karibu na njia ya haja kubwa ndiyo husumbua kupona, hivyo wapasuaji wazoefu huisogeza kona hiyo itoke katikati. Kwa ugonjwa uliosambaa ni tegemeo zuri.

Zipo pia njia ndogo. Mwenye kitundu kimoja au viwili bila njia ndefu anaweza kuondolewa vitundu hivyo tu, kila kimoja kwa mkato mdogo, kwa ganzi ya pale pale, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Waturuki wana uzoefu mwingi wa kuunguza njia kwa fenoli, kemikali kali. Siku hizi kuna kamera nyembamba na mwale wa leza unaopitishwa ndani ya njia. Maumivu ni machache na kazini unarudi mapema, ila uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi, na vifaa vyake si vya kila hospitali. Kama mtu anakuuzia leza kwa bei kubwa akikuhakikishia hautarudi kamwe, anafanya biashara. Na mwenye vitundu visivyotoa kitu wala kuuma, simkati kabisa. Namwambia adhibiti nywele na aje jambo likibadilika.

Ungekuwa mbele yangu, na vipimo vikithibitisha ulichoandika, ningekushauri upasuaji unaopeleka mshono pembeni, wa Karydakis, wa Bascom au wa Limberg. Upi kati ya hiyo? Ule ambao mpasuaji wako ameufanya mara nyingi na anaweza kukueleza matokeo yake bila kubabaika. Hospitali ya taifa ya Muhimbili, au za rufaa za kanda kama KCMC, Bugando au ile ya Mbeya ambayo iko kwenye barabara yako, ndipo pa kuanzia kuuliza; omba rufaa kutoka wilayani ili hata bima, kama unayo, isikusumbue. Ukikuta hakuna mwenye uzoefu nao, chagua kidonda wazi kilicho kidogo kuliko flapu ya kujaribia. Hilo nalisema nikijua kazi yako.

Usikatwe upasuaji huu jipu likiwa limevimba. Hapo litumbuliwe kwanza, kisha subiri kama wiki sita ngozi itulie. Ukivuta sigara, acha angalau mwezi mmoja kabla, kwani moshi huinyima ngozi damu na flapu hufa kona. Pima sukari. Kama huwa unaota makovu manene yanayopanda juu ya ngozi, mwambie daktari mapema. Na nyama itakayotolewa iombewe kipimo cha maabara, kwa sababu kifua kikuu cha ngozi au cha mfupa nacho kinaweza kuchimba njia ya usaha, na huku kwetu si jambo la kupuuza.

Baada ya upasuaji wa flapu huenda ukatoka na mpira mwembamba wa kutolea majimaji kwa siku chache. Nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14. Wiki mbili au tatu za mwanzo tembea, simama, lala ubavu au kifudifudi. Kukaa kuwe kwa chakula na choo. Kazi nyepesi wengi huianza ndani ya mwezi. Kiti cha lori na siku nyingi za barabara ni jambo jingine, nisingekuruhusu kabla ya wiki nne hadi sita, na safari ya kwanza iwe fupi. Mwambie tajiri wako ukweli mapema na uchukue ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, kwa maandishi. Kumdanganya kwamba ni wiki mbili kutakurudisha barabarani na nyuzi zilizofumuka.

Nywele ndizo utakazopambana nazo hadi uvuke umri wa ugonjwa huu. Wembe siupendekezi: utafiti wa Ujerumani wa 2009 ulikuta walionyoa kwa wembe baada ya upasuaji walirudiwa zaidi kuliko wasionyoa. Mashine ya kupunguza au krimu ya kuondoa nywele, kidonda kikishapona, ni salama zaidi, mradi krimu uijaribu kwanza sehemu ndogo. Ukitoka kinyozi, oga siku hiyo hiyo, maana vipande vifupi vilivyokatwa vina ncha kali na hushuka mgongoni. Leza ya kuondoa nywele, si ile ya kuunguza njia, ina ushahidi mzuri. Jaribio la Marekani lililotolewa 2023 kwa vijana wa miaka 11 hadi 21 lilionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja walirudiwa takriban 10 kati ya 100 waliopata leza, dhidi ya 34 kati ya 100 walioendelea na utunzaji wa kawaida. Lakini kwa ngozi nyeusi iwe mashine ya mwale wa nanomita 1064, na anayeishika awe amezoea ngozi kama yetu. Mwale usiofaa huunguza na kuacha madoa.

Usisubiri miadi iwapo utapata homa na kutetemeka, uvimbe unaokua haraka, maumivu yanayokunyima kukaa, au ngozi inayozidi kuwa nyeusi inayong'aa na ya moto kuelekea kwenye kalio; fika hospitali siku hiyo, hata ukiwa Tunduma. Mweleze daktari pia kama kitundu kinatoa hewa au kinyesi, maana hiyo ni fistula, yaani njia iliyoungana na njia ya haja kubwa, na upasuaji wake ni tofauti kabisa. Majipu ya namna hii yakiwa pia kwapani na kwenye kinena, huo ni ugonjwa mwingine wa ngozi, hautibiwi kwa kukata mfereji. Kikohozi cha wiki kadhaa, kukonda au maumivu ya mfupa wa mgongo vikiandamana na usaha, kipimo cha TB kitangulie kisu. Na kidonda kilichokaa miaka mingi kikianza kuota nyama inayochipuka na kutoa damu, kichukuliwe kipande kikapimwe saratani. Ni nadra sana, na kwa miaka yako miwili sina wasiwasi nalo.

Siku ya kwenda, beba karatasi zote za kule ulikotumbuliwa na majina ya dawa ulizomeza. Usinyoe wala usipake kitu chochote pale asubuhi hiyo, ili daktari aone vitundu vyote vilivyo.